Mabawa ya rubani yenye neno STERLING tu: nitajuaje aliyeyatengeneza?

SWALI: Salaam, fundi. Naishi San Antonio, Texas. Nimenunua beji ya mabawa ya rubani wa Marekani wa Vita Kuu ya Pili ya Dunia kwenye mnada wa vitu vya nyumba ya marehemu. Ina upana wa milimita 76, uzito gramu 19.4, na nyuma ina pini na neno STERLING lililoinuka. Jina la mtengenezaji halipo. Mfanyabiashara mmoja ananihakikishia kuwa ni ya Luxenberg, na yuko tayari kuniuzia nyingine “pacha wake” yenye jina, kwa bei ya juu sana. Nithibitishe vipi? Pia mjomba wangu Nairobi ana mabawa ya kitambaa yenye taji na herufi RAF, yaani jeshi la anga la Uingereza. Je, taji linatosha kujua umri wake?

JIBU: Ndugu yangu, hilo jina la Luxenberg liweke kando kwanza. Luxenberg lilikuwa duka la sare za maofisa huko New York, na mabawa yake yanasifika kwa manyoya yaliyochongwa kwa kina. Sifa hiyo ndiyo inayofanya yaghushiwe sana, na ndiyo inayofanya kila beji nzuri isiyo na jina ibatizwe Luxenberg sokoni. Mpaka kalibu ya beji yako, yaani chuma kilichochongwa umbo lake, ilinganishwe na ya beji yenye jina lisilo na shaka, wewe unayo beji ya sterling, yaani ya fedha, isiyojulikana fundi wake, na bei yake iwe ya hivyo.

Ili ujue unachotafuta, fahamu jinsi zilivyotengenezwa. Kipande cha fedha kiliwekwa kwenye kalibu ya chuma kigumu kikagongwa kwa mashine, kingo zikakatwa, kisha pini ikatiwa kwa lehemu. Jeshi lilitoa umbo na kipimo: upana wa inchi 3, yaani hizo milimita 76 zako, ngao ya Marekani katikati na bawa kila upande. Mengine yalibaki kwa mchonga kalibu. Wakati wa vita kazi hiyo ilisambaa kwa mafundi wengi: N.S. Meyer wa New York. AMCRAFT, Balfour na Robbins wa Attleboro, mji wa masonara katika jimbo la Massachusetts. Na wengine kadhaa. Marubani waliokuwa Uingereza walinunua kwa J.R. Gaunt au Firmin wa London. Waliopigana Pasifiki walipata za Angus & Coote wa Sydney au K.G. Luke wa Melbourne. Ngao ni moja, lakini kila mchongaji ana mkono wake.

Mkono huo unaonekana pale ambapo kanuni haikusema kitu. Chukua lenzi ya sonara inayokuza mara 10, uangalie mahali bawa linapokutana na ngao. Je, manyoya yanaingia chini ya ngao au yanakomea ubavuni mwake? Hesabu safu za manyoya, kisha uone unyoya wa mwisho kabisa kwenye ncha umechongoka au umekatwa butu. Angalia mistari ya sehemu ya juu ya ngao na nafasi kati ya mstari na mstari. Halafu geuza: mgongo ni bapa, au una mabonde yanayofuata umbo la mbele? Piga picha kubwa ya kila sehemu na uilinganishe na picha ya beji yenye jina iliyopigwa kutoka pembe ileile. Ikiwa sehemu tatu zinalingana na ya nne inakataa, sikiliza ya nne.

Kitu kinachonipa uhakika zaidi kuliko jina ni ufa wa kalibu. Chuma kikigonga maelfu ya vipande huchoka, kinapasuka ufa mwembamba kama unywele, na fedha hujipenyeza humo. Kwenye beji unauona kama uzi ulioinuka, ukikatiza manyoya bila kufuata mchoro. Mkwaruzo wa kawaida huzama ndani. Uzi wa ufa hutokeza juu. Beji zote zilizogongwa baada ya ufa kutokea zitakuwa na uzi huo mahali palepale. Ukiona uzi kwenye yako na kwenye nyingine yenye jina, hapo ndugu yangu una neno la kusema.

Lakini ukiona beji mbili zenye mkwaruzo uleule, au kibonyeo kilekile kwenye ncha ya bawa, kimbia. Hakuna beji mbili zilizoanguka sakafuni kwa namna moja. Maana yake zote zimesubiwa, yaani zimemiminwa kwa metali iliyoyeyushwa, kutokana na beji moja mama, na alama za uzee wa mama zimerithiwa na watoto. Beji ya kusubu ina dalili nyingine pia. Tazama chini kabisa, katikati ya unyoya na unyoya: vitundu vidogo vya hewa, na sakafu yenye chembechembe badala ya kung’aa. Ingia ndani ya herufi R ya STERLING. Kwenye iliyogongwa kona za herufi ni kali, kwenye iliyosubiwa zimeviringika kana kwamba zimelambwa. Metali ikipoa husinyaa, kwa hiyo nakala inaweza kupungua milimita moja hivi ikilinganishwa na mama yake. Pima kwa kalipa, si kwa rula ya shule.

Fedha yenyewe uipime hivi nyumbani. Weka glasi ya maji juu ya mizani inayosoma hadi sehemu ya mia ya gramu, kisha irudishe kwenye sifuri. Ining’inize beji kwa uzi izame yote bila kugusa chini wala ukuta wa glasi, na utikise kidogo mapovu yatoke. Namba inayotokea ndiyo ujazo wake. Kwa gramu zako 19.4, ukisoma kama 1.9, gawanya 19.4 kwa 1.9: uzani wa metali ni gramu 10.2 kwa kila sentimita moja ya ujazo, na sterling, ambayo ni fedha asilimia 92.5, huwa karibu na 10.3 au 10.4. Kilichopungua kinaelezwa na pini na kishikio, ambavyo mara nyingi si fedha. Ukisoma 2.2 au zaidi, una shaba au nikeli iliyopakwa. Ila usishangilie mapema: waghushi wa leo nao wanatumia fedha halisi, kwa sababu fedha ni gharama ndogo ukilinganisha na bei ya jina.

Kuhusu pini, watu wengi wanakosea kwa kudhani kwamba beji yenye miguu miwili na vibano vya kubonyeza ni ya baada ya vita. Vibano hivyo vilikuwa tayari vinatumika vita ikiendelea. Badala ya kubishana juu ya aina ya pini, angalia lehemu yake. Lehemu ya kiwandani ni safi na imetanda sawasawa. Donge la kijivu lililofura linaonyesha pini iliyobadilishwa. Pini iliyobadilishwa si uovu, ila ipunguze bei. Weusi wa fedha nao uusome: uliokuja kwa miaka hubaki mabondeni na chini ya kishikio, huku migongo ya manyoya ikiwa imesuguka. Weusi uliotanda sawa kila mahali umetiwa kwa dawa. Na nakuomba, usiisugue beji kwa dawa ya kung’arisha. Utafuta ushahidi wako mwenyewe.

Sasa hiyo “pacha” yenye jina. Kuna mtego mbaya kuliko kusubu: kalibu za zamani huishi kuliko vita vyake. Beji za N.S. Meyer ziligongwa tena miaka mingi baadaye kwa kalibu zilezile, na kwa mchoro wa mbele pekee hutaweza kuzitofautisha. Hapo unarudi nyuma: pini, lehemu, ukali wa kingo na alama zilizopigwa. Jina lililopigwa kwa mkono baada ya beji kukamilika huacha kingo zilizoinuka kuzunguka herufi, na mara nyingine hubonyeza weusi uliokuwepo tayari, ikionyesha kuwa beji ilizeeka kabla ya jina. Muulize huyo bwana akupe picha ya mgongo ikiwa imemulikwa kwa taa ya pembeni. Akikataa, amekujibu.

Uwe macho vilevile na majina ya marubani yaliyochongwa nyuma. Madarasa ya urubani ya jeshi yaliandikwa kwa mwaka na herufi, mfano 42-C. Darasa hilo la Tuskegee, Alabama, ndilo la kwanza la marubani weusi wa jeshi la Marekani. Walihitimu Machi 1942, na walikuwa watano tu, akiwemo Benjamin O. Davis Jr. Ukiona “Tuskegee 42-C” mezani kwa muuzaji wa barabarani, unatazama kitu kinachodai kuwa kimoja kati ya vichache mno duniani. Dai hilo linahitaji karatasi za familia.

Ushauri wangu kwa yako: iandike kwenye daftari lako kama mabawa ya rubani, sterling, ya kugonga au kusubu kadiri lenzi itakavyosema, fundi hajulikani. Beji kama hizo ni nyingi na ni halali kabisa. Umbo lenyewe halikutajii mwaka, kwani jeshi la anga lilipojitenga mwaka 1947 liliendelea na mabawa yaleyale.

Kuhusu mjomba: Nairobi ilikuwa na kituo cha RAF pale Eastleigh, kwa hiyo kukuta kitu hicho kwenye sanduku la familia si ajabu. Taji lenye matao ya duara yaliyopanda juu ni la wafalme, lilitumika hadi Malkia Elizabeth aliposhika ufalme mwaka 1952; taji ambalo matao yake yanabonyea katikati ni la wakati wake. Lakini Mfalme Charles III alirudisha umbo la zamani mwaka 2022, hivyo taji la mfalme peke yake halitoshi tena. Mwambie ayamulike kwa taa ya urujuanimno (UV) gizani, mbele na nyuma. Uzi ukiwaka buluu-nyeupe, una dawa za kung’arisha ambazo hazikuwa kwenye nguo za wakati wa vita. Usipowaka, atazame kitambaa cha nyuma na matundu ya sindano ya kushonea kwenye koti, kisha anitumie picha ya upande huo.