Kocha mpya kwenye timu iliyopotea: aanze kwa kupunguza

Mkuu, umeuliza mambo matatu. Timu yenu imepoteza mechi saba kati ya nane, kocha mpya ameingia wiki hii nawe umebaki kuwa msaidizi wake: aanzie wapi? Pili, je, kubadilisha kocha kunasaidia kweli? Tatu, nahodha anayelaumiwa na kila mtu avuliwe kitambaa? Nimepitia hali hiyo mara mbili. Mara ya kwanza nilikuwa beki wa kati wa timu ya daraja la chini, tukanusurika. Mara ya pili nilikuwa kocha msaidizi kama wewe, tukashuka. Nitakujibu kwa niliyoyaona kote kuwili, na nitarefusha.

Nianze na la pili, maana ndilo linalopotosha watu. Timu inayofukuza kocha mara nyingi inakuwa imefika chini kuliko uwezo wake halisi. Mashuti yanagonga mwamba, mabeki wawili ni majeruhi, kipa anafungwa mabao ambayo siku nyingine angeyadaka. Mkosi wa namna hiyo hupita wenyewe, kocha awe mpya au awe yuleyule. Mchumi wa Uholanzi, Bas ter Weel, alichambua ligi kuu ya nchi yake kuanzia 1986 hadi 2004, akazilinganisha klabu zilizofukuza makocha na zile zilizopitia kipindi kibaya vilevile zikabaki na makocha wao. Zote ziliinuka, kwa mwendo unaokaribiana.

Kwa hiyo mechi mbili tatu za mwanzo zisiwalevye, wala zisiwavunje moyo. Ole Gunnar Solskjær alipoichukua Manchester United Desemba 2018 alishinda mechi zake nane za kwanza. Machi akapewa mkataba wa kudumu, kisha msimu ukaisha wakiwa nafasi ya 6, na siku ya mwisho wakafungwa 2-0 nyumbani na Cardiff iliyokwisha kushuka daraja. Xabi Alonso ni kinyume chake. Aliikuta Bayer Leverkusen Oktoba 2022 ikiwa nafasi ya 17 na pointi 5 katika mechi 8. Mechi yake ya kwanza akaipiga Schalke 4-0, watu wakasema dawa imepatikana. Mechi sita zilizofuata hakushinda hata moja, ikiwemo ile ya kufungwa 5-1 na Eintracht Frankfurt. Laiti viongozi wangehukumu kwa wiki hizo tatu, asingemaliza wa 6 msimu ule, wala asingechukua ubingwa wa Ujerumani 2024 bila kupoteza mechi ya ligi. Jibu langu basi: kocha mpya husaidia kama kuna jambo mahususi analolirekebisha. Sura mpya peke yake ni upepo wa wiki tatu.

Sasa jambo lenyewe ni lipi? Nitakusimulia ya kwetu, kwenye timu ile ya kwanza niliyoichezea.

Tulikuwa na pointi 6 baada ya mechi 11, tumefungwa mabao 27. Kocha aliyeondoka hakuwa mtu mbaya. Alikuwa na maelekezo mengi mno. Kila tukifungwa aliongeza jingine: tukianzisha mpira nyuma kiungo ashuke, lakini winga akibanwa kiungo apande, beki wa kulia aingie kati, ila kama mpinzani ana washambuliaji wawili asiingie. Mimi binafsi nilifika mahali nikiwa uwanjani nasikiliza kichwa changu badala ya kumwangalia mshambuliaji. Beki anayewaza kwa nusu sekunde amekwisha kuachwa. Na ukiwa na mabeki wanne, kila mmoja anawaza lake, mstari hauwezi kunyooka.

Mzee aliyekuja (tulimwita mzee kwa heshima, hakuwa na umri huo) siku ya kwanza hakutoa hotuba. Alikaa pembeni akatazama mazoezi yote kimya. Siku ya pili akamwita kila mchezaji peke yake, dakika kumi, akauliza maswali matatu tu. Unajisikia vizuri kucheza wapi? Mpira ukiwa miguuni mwako na umebanwa, nani wa kwanza unayemtafuta? Dakika za mwisho tukiwa sare, unaogopa nini?

Swali la pili ndilo lililomfungulia timu. Baadaye alituonyesha karatasi: wachezaji tisa walimtaja kiungo mmoja ambaye alikuwa benchi. Hakuna hata mmoja aliyemtaja yule aliyekuwa akianza. Hakuwa na haja ya kutafuta mfumo kwenye vitabu, timu yenyewe ilikwisha kumwambia mpira unataka kupita kwa nani. Kijana yule akarudi kikosi cha kwanza Jumamosi ile, na hakutoka tena hadi msimu unaisha.

Swali la tatu lilitoa jibu ambalo mimi nililijua nikalificha. Tulimwogopa mtu wetu wenyewe. Kipa alisema hajui mabeki watapanda au watabaki. Mimi nilisema sijui kipa atatoka au atabaki. Tulikuwa tunalala chumba kimoja safarini na hatujawahi kuambiana hilo.

Mazoezi yaliyofuata alileta kamba. Akatufunga kiunoni mabeki wote wanne, mita nane kati ya mtu na mtu, kisha wenzetu wakapigiana pasi mbele yetu, kushoto, kulia, kurudi nyuma. Ukichelewa, mwenzako anakuvuta. Ukipanda peke yako, unamvuta yeye. Siku ya kwanza nilitoka na alama nyekundu kiunoni. Siku ya tatu kamba ilikuwa imelegea muda wote, na hakuna aliyekuwa akiiwaza. Akaifungua, akasema tuendelee vilevile. Kwa mara ya kwanza msimu ule nilisikia pumzi za beki wa kushoto upande wangu bila kugeuka kumtafuta.

Maelekezo yakabaki manne. Mstari wa nyuma na viungo wasiachane zaidi ya mita kumi na tano. Mpira ukipotea, aliye karibu anaziba pasi ya mbele, wengine wanarudi ndani kwanza. Kipa akisema "wangu", hakuna anayegusa. Kwenye kona, watu watatu wazuri wa kupiga vichwa wanasimama maeneo yao na hawahami kumfuata mtu. Basi. Kuanzisha mpira nyuma alikusitisha kwa wiki tano: tukibanwa tunapiga mrefu upande wa kulia, wote tunasogea. Mashabiki walilalamika kwamba tunabutua. Tulikuwa tunabutua, ni kweli. Lakini alipotuhesabia, mabao 14 kati ya yale 27 yalitokana na mpira tulioupoteza wenyewe ndani ya nusu yetu. Mtu anayetokwa damu unaziba kidonda kwanza.

Mechi ya kwanza tukatoka suluhu. Vyumbani tulishangilia kama tumechukua kombe, na hadi leo sioni kama tulizidisha. Timu iliyofungwa kila wiki inahitaji kujua kwamba inaweza kumaliza dakika tisini bila kuokota mpira wavuni. Mshambuliaji akijua hivyo, hata shuti lake hubadilika, kwa sababu bao lake moja sasa lina thamani. Tulimaliza msimu na pointi 34, nafasi ya 12 kati ya timu 16.

Ndiyo maana sikushangaa nilipoiona kazi ya kocha Thomas Tuchel pale Chelsea. Aliteuliwa Januari 2021 timu ikiwa nafasi ya 9, mechi ya kwanza akatoka 0-0 na Wolves akiwa na mazoezi ya siku moja. Alianza na mabeki watatu wa kati, akaziba njia ya katikati, na katika mechi 14 za kwanza aliruhusu mabao mawili tu. Mei wakawa mabingwa wa Ulaya, kwa wachezaji walewale. Uzuri wa mbele ulikuja baada ya usalama wa nyuma.

Jambo la pili, na hapa ndipo kocha mpya anapokuwa na faida ambayo wa zamani hana: hana kumbukumbu ya nani ni nani. Jicho lake halijazoea. Joelinton alinunuliwa na Newcastle kama mshambuliaji, mabao hayakuja, akawa wa kudharauliwa. Kocha Eddie Howe aliingia Novemba 2021 timu haijashinda hata mechi moja kati ya 11. Dhidi ya Norwich beki akapata kadi nyekundu dakika ya 9, Joelinton akashuka kucheza kiungo, na akaonekana mtu mwingine kabisa. Howe angeweza kumrudisha mbele mechi iliyofuata. Hakumrudisha. Waliokuwa wa 19 wakamaliza wa 11. Ni kweli walisajili vizuri Januari, lakini huyu walikuwa naye siku zote.

Kwetu ilikuwa mfungaji wetu bora wa msimu uliotangulia, mechi kumi bila bao. Kila mtu alisema ameishiwa. Mzee aliangalia video akasema: huyu anapokea mpira mita arobaini kutoka golini, mgongo kwa goli, anashuka kwa sababu anaona huruma kwamba hamna njia ya kutoka. Akamkataza kushuka chini ya duara la kati. Neno moja. Mechi ya pili akafunga kwa goti kwenye vurugu ya kona, na lile goti lilitosha.

Mazoezi ya nguvu sitayasemea sana, ila hili: kocha mpya asiwakimbize watu kama adhabu. Kwenye timu ile ya pili, niliyokuwa msaidizi, kocha aliyeingia aliamini wachezaji ni wavivu. Wiki mbili za kukimbia asubuhi na jioni, tukapoteza watatu kwa misuli ya nyuma ya paja. Mechi nne, mifumo mitatu. Baada ya kila kipigo alitaja majina ya waliokosea mbele ya waandishi. Kufikia mechi ya tano wachezaji walikuwa wanapiga pasi za kando tu, maana anayejaribu kitu ndiye atakayetajwa.

Na mimi nilinyamaza. Nilikuwepo kabla yake, nilijua beki wa kulia ana msiba nyumbani, nilijua viungo wawili hawasemezani, nilijua kipa anaumia kidole na anaficha. Nilijiambia kwamba mgeni asije akaona nampinga. Hilo linaniuma hadi leo, maana mambo yale hayakuwa siri ya timu, yalikuwa kazi yangu kumwambia.

Ndiyo maana nataka ulisikie hili wewe hasa. Kumbuka Ivory Coast kwenye fainali za Afrika walizoandaa wenyewe mwanzoni mwa 2024. Walifungwa 4-0 na Guinea ya Ikweta, wakapita kundi kwa mlango wa nyuma, kocha Jean-Louis Gasset akaondoka, na msaidizi wake Emerse Faé akapewa timu siku tano kabla ya kukutana na Senegal, mabingwa watetezi. Siku tano huwezi kufundisha mfumo. Lakini alikuwa ndani siku zote, aliwajua. Senegal wakatolewa kwa penalti, Mali wakafungwa 2-1 katika dakika za nyongeza na Ivory Coast wakiwa kumi, kisha DR Congo, kisha Nigeria 2-1 kwenye fainali. Anayejua nani anasema na nani, na nani analala vibaya kabla ya mechi, ana hazina ambayo kocha wenu mpya hana. Mpelekee leo, kabla hajapanga kikosi. Usimpe maoni, mpe uliyoyaona: mabao yote mliyofungwa, mpira ulipotelea wapi, nani alikuwa wapi. Mabao ishirini na kitu unayapitia usiku mmoja.

Sasa nahodha. Wa kwetu alilaumiwa vilevile, viongozi walitaka avuliwe kabla ya mechi ya kwanza. Mzee alikataa. Alisema ukimvua kitambaa mtu wiki ya kwanza, wengine ishirini wanajifunza kwamba kosa la timu hutafutiwa mtu wa kubeba. Alimpunguzia mzigo tu: asigombane na mwamuzi, asimkaripie mtu aliyekosea pasi, kazi yake iwe kupanga mstari kwa sauti kila mpira unaposimama. Mwache wenu na kitambaa hadi mechi ya tano hivi. Mpira ukiwa kwa wapinzani msikilize, kaa karibu na mstari umsikie vizuri. Akiwa anasema na wenzake, mmepata nahodha. Akiwa amenyamaza, kocha akae naye faragha wakubaliane wawili wao nani apokee, kisha yeye mwenyewe ndiye amkabidhi mwenzake kitambaa mbele ya timu.