Barua kwa mwanangu aliyeniuliza bei ya katapila

Mwanangu mpenzi,

Salamu kutoka huku Buguruni. Sisi hatujambo. Mama yako anakusalimu na anauliza kama wajukuu wamemaliza mitihani. Ujumbe wako nimeusoma, na picha zote nimezitazama. Unasema kuna mzee mmoja Boko anauza katapila dogo la zamani, John Deere 450, lenye kijiko kikubwa mbele na kijiko cha kuchimbia nyuma. Anataka milioni 30, na wewe na mkwe wangu mnadhani atashuka mpaka 26. Unaniuliza kama hiyo ni bei ya haki, maana mnataka kukata mteremko wa kiwanja cha Madale wenyewe, mchimbe karo na mtaro wa maji ya mvua, kisha mtambo ubaki hapo nyumbani kwa kazi ndogondogo.

Bei nitaipimaje, mama? Hujanipigia picha ya miguu.

Umenitumia rangi, kiti, kijiko, na video ya injini inanguruma vizuri. Injini isikutie wazimu. Modeli ile ilianza kutoka 1965, injini yake ni dizeli ya silinda nne, na fundi anayejua dizeli ataifungua na kuifunga bila kutoka jasho jingi. Mpira wa haidroliki ukipasuka unaufungua, unakwenda nao Gerezani, unabanwa vichwa vipya, jioni unarudi nao. Pini na bushi za kijiko zinachongwa hapahapa mjini. Fedha zinaishia kwenye miguu: cheni, rola zinazoubeba mtambo juu ya cheni, aidla, yaani gurudumu la mbele linaloiongoza cheni, na sproketi, gurudumu la meno linaloivuta. Sisi tuliozeekea karakana za mitambo tunahesabu kwamba karibu nusu ya gharama ya kutunza mtambo wa cheni iko huko chini. Mtambo ni miguu. Nimelisema hilo mezani kwetu miaka yote na bado nalisema.

Kwa hiyo uende ukachuchumae. Tazama meno ya sproketi: yakiwa yamechongoka kama meno ya papa, jua na cheni imekwisha, maana hivyo viwili hulana. Tazama rola moja moja. Yenye unyevu wa oili ulioshika vumbi, sili yake imekufa. Halafu muulize yule mzee mtambo umefanya kazi wapi. Kama ni kwenye mchanga, pini na bushi za cheni zimesagwa kuliko mita ya saa za kazi inavyoonyesha, kama mita yenyewe bado inasoma.

Lile la baba yako mdogo unalikumbuka, ingawa ulikuwa unabebwa mgongoni. Alilinunua mnadani kwa kiinua mgongo chake, mabaki ya mradi wa barabara uliokwisha, na watu wote pale Kimara walimwambia ametupa fedha. Ikaja mvua ya El Niño, mwishoni mwa 1997. Maji yalikuwa yanashuka kutoka juu kwa akina Mzee Salehe yakiingia moja kwa moja uani kwa bibi yenu, na ukuta wa jikoni ulikuwa umeshaanza kuloa. Lori lililoletwa na mawe lilikwama kabla ya kufika kwenye mti. Baba yako mdogo akawasha katapila. Klachi ya upande wa kushoto ilikuwa imeganda, kwa hiyo kila akitaka kukata kona alikuwa anasimama na kuuvuta ule mkono wa chuma kwa mikono yake miwili, mvua inampiga usoni. Alishuka pale ambapo hakuna gari lenye matairi lingeshuka. Akageuka, akashusha yale majeki ya nyuma mpaka yakazama kwenye tope, akaanza kuchimba. Kabla ya magharibi maji yalikuwa yameshika njia yake mpya. Bibi yenu alitoka na birika la chai, akampelekea yeye kwanza, palepale kwenye kiti, wanaume wengine wote tumesimama na majembe.

Mtaro ule ndio unaolinda nyumba ya shangazi yako mpaka leo. Mvua ikinyesha namkumbuka ndugu yangu akiwa kwenye kile kiti, na ninafurahi.

Lakini cheni ilikuwa imelegea. Ukigeuza mtambo wa cheni iliyolegea kwenye mteremko wenye mfinyanzi, unajaza udongo, cheni inapanda, inatoka kwenye aidla. Ilitoka, tukairudisha. Ikatoka tena. Bushi zilikuwa zimetoboka, na cheni mpya, kuagizwa nje, ilizidi fedha aliyonunulia mtambo mzima. Ukakaa chini ya mwembe. Kuku wakatagia kwenye kijiko. Mimi nilikuwa Songea kwenye kazi ya barabara walipokuja watu wa vyuma chakavu. Waliukata kwa gesi, wakaupakia vipandevipande, wakaupima kwa kilo. Nilirudi nikakuta doa la oili tu. Injini ile nilikuwa nimeifunga pete mpya za pistoni kwa mikono yangu, mama. Ilikuwa nzima. Iliwaka kwa mguso mmoja mpaka siku ya mwisho. Ilikwenda kwenye mizani pamoja na mabati kwa sababu ya miguu, na hilo halijanitoka.

Ndiyo maana akili inaniambia niwaandikie: kodini kijiko, yaani ule mtambo wa kuchimbia wa matairi. Kazi mliyonitajia, opereta mzuri ataimaliza kwa siku chache. Karo hata vijana watalichimba kwa malipo ya kila futi. Tena hesabuni lobedi, lile lori la kubebea mitambo, kwa sababu kutoka Boko hadi Madale hamwezi kuliendesha barabarani, cheni za chuma zinachana lami. Hesabuni dizeli na oili ya haidroliki, ambayo mtambo mzee huinywa kwa kuvuja.

Halafu najijibu mwenyewe. Kijiko cha kukodi kina matairi, na mteremko wenu ninaujua. Mvua za masika zikikolea kitakaa juu barabarani kinatazama. Mwenye nacho atakuja siku anayotaka yeye. Na ile siku ya Kimara tungekodi kwa nani? Mkwe wangu ana mkono mtulivu, nilimwona alivyofunga ile pampu ya kisima bila kuipiga nyundo hata mara moja. Mtu wa namna hiyo anaweza kuishi na mtambo mzee. Kila asubuhi grisi, kila jioni kutoa udongo kwenye cheni kabla haujakauka. Akiwa mtu wa kuwasha na kuondoka tu, msinunue hata mkipewa kwa milioni 10. Lakini si mtu wa hivyo. Naona mkono wangu unataka kuandika neno, na siliandiki, kwa sababu sijaona miguu.

Moja ninalolitaka mkinunua au msinunue: mpira wa haidroliki ukivuja, asiushike mtu kwa mkono kutafuta tundu. Oili inatoka kwa nguvu ya kutoboa ngozi, unadhani umechomwa na mwiba, kumbe mkono unakwenda kukatwa. Chukueni kipande cha boksi, mkipitishe. Na asiingie mtu chini ya kijiko kilichoinuliwa kama hakikuwekewa gogo au chuma cha kukizuia. Wajukuu wangu wakae ndani mtambo ukiwaka. Katika hilo sina maelewano na mtu.

Jumamosi nitapanda daladala mapema, mnipokee Tegeta. Nitakuja na tochi, sumaku na futi yangu. Tutafungua kifuniko cha chini cha fainali, yale magia ya pembeni yanayozungusha sproketi, tuipitishe sumaku kwenye oili tuone kama inatoka na chembe za chuma. Tutainua kijiko cha mbele, tutazima injini, tutakaa tukitazama kinashuka kwa kasi gani. Tutamwambia akate kona kushoto na kulia, maana mtambo uliokaa muda mrefu klachi zake hushikwa na kutu. Kisha nitalala chini nihesabu rola.

Fedha yoyote msitoe kabla ya hapo, hata ya kushikia. Na mwambieni yule mzee kwa heshima kwamba siku hiyo asiuwashe mtambo mpaka tufike. Nataka niiguse injini ikiwa baridi, niisikie inavyoamka yenyewe.

Ni mimi baba yako.