Kwa Wanaoanza Kufuga Kobe Ulaya: Taa, Joto na Meza

Baridi ya Oktoba ikiingia, simu yangu hujaa picha za kobe. Nasaidia kwenye kituo kinachopokea mijusi, nyoka na kobe waliokosa makao hapa Uingereza, na habari hiyo imeshaenea kwa Waswahili wenzangu. Kila anayemnunulia mwanawe kobe ananitumia picha: "Ndugu yangu, hapa nimepatia?" Nawapenda kwa kuuliza. Wengi hawaulizi mpaka mnyama ameshindwa kusimama. Lakini picha ni ileile kila msimu: tanki la kioo, mchanga mkavu, balbu nyekundu juu, na kobe kajibanza kwenye kona anasukuma kioo kwa kichwa. Jamani, wadogo zangu, safari hii nayaandika yote pamoja.

Nazungumzia kobe aina ya Hermann wa Mediterania na Horsfield wa nyika za Kazakhstan na Uzbekistan, maana ndio wanaouzwa sana huku. Anayetaka sulcata, yule kobe mkubwa wa Afrika, ndani ya fleti ya vyumba viwili aache kabisa. Yule huweza kupita kilo 40, na akitaka kupita mlangoni anapita na mlango.

1. Tanki la samaki lirudishe dukani.

Kobe haelewi kioo. Anaona upande wa pili, anataka kwenda, anasukuma kutwa nzima mpaka pua inachubuka. Isitoshe, ndani ya tanki dogo joto hutapakaa kila kona, naye anahitaji upande wa moto na upande wa baridi ili achague mwenyewe. Tengeneza meza ya kobe: boksi la mbao lililo wazi juu, angalau sentimita 120 kwa 60 kwa kobe mdogo, na ukiweza zaidi, zidisha. Kabati kuukuu la vitabu likilazwa chali na kutolewa rafu linafaa sana. Kuta ziwe juu, maana hawa ni wapandaji kuliko unavyodhani.

Chini usiweke mchanga mtupu wala maranda. Weka udongo usio na mbolea uliochanganywa na makumbi ya nazi yaliyosagwa, kina cha sentimita 10 au zaidi ajifukie, na tabaka la chini liwe na unyevu muda wote. Wengi wanaoona gamba limeota vilima vilima hulaumu chakula. Utafiti wa mwaka 2003 uliofanywa kwa watoto wa sulcata ulionyesha kwamba ukavu wa hewa ulichangia vilima hivyo kuliko wingi wa protini. Kwa kobe mdogo, funika sehemu ya meza ili unyevu usitoroke.

2. Balbu nyekundu na mkeka wa umeme, hapana.

Muuzaji atakwambia kobe haoni mwanga mwekundu. Anauona vizuri sana, na ukiuwasha usiku unamnyima usingizi. Usiku uwe giza. Hermann au Horsfield mzima na mwenye afya hadhuriki chumba kikishuka hadi nyuzi 15. Kama nyumba yako inashuka zaidi ya hapo, tafuta kipasha joto cha kauri kisichotoa mwanga, ukiunganishe na themostati. Mkeka wa kuweka chini yake nao hauna kazi: porini jua humjia kutoka juu, na kobe akizidiwa na joto hujifukia ardhini apate ubaridi. Ukiweka moto chini umemfungia njia ya kukimbilia.

3. Joto na UVB vikae pamoja, na kati ya taa na kobe pasiwe na kitu.

Hapa ndipo ninapoomba msome taratibu.

Kwetu jambo hili halimsumbui mtu. Wale kobe wakubwa wa Aldabra walioko kisiwa cha Changuu, Zanzibar, ambao wa kwanza wao waliletwa kutoka Shelisheli mwaka 1919, hawajawahi kuhitaji taa. Jua la Zanzibar linapita juu sana mwaka mzima. Huku kuanzia Oktoba hadi Machi jua linatambaa chini kabisa, na miale ya UVB, ile miale ya jua isiyoonekana kwa macho, inayofika ardhini ni hafifu mno kumtosha kobe. Hiyo kidogo nayo huzuiwa na kioo cha dirisha. Kwa hiyo kumweka kobe dirishani "apate jua" ni kumpa mwanga tu, na siku kioo kikichemka unaweza kumpika.

UVB ikigusa ngozi, mwili huanza kutengeneza vitamini D3. Kazi hiyo haimaliziki bila joto: kile kilichoanzishwa na miale hugeuka kuwa D3 kwa joto la mwili. Ndiyo maana taa ya joto ikiwa kaskazini na taa ya UVB kusini, hujamsaidia. Bila D3, kalsiamu uliyomnyunyizia kwenye majani inapita tumboni na kutoka nje. Damu ikikosa kalsiamu, mwili unaichota kwenye mifupa, na gamba la kobe ni mfupa.

Kuna rafiki yangu, dereva wa basi, fundi wa mikono asiyeshindwa na kitu. Ameniomba nilisimulie hili bila jina lake ili lisimpate mwingine. Alinunua Horsfield mdogo kwa ajili ya binti yake. Alisoma, akauliza, akanunua bomba la T5, yaani taa ndefu nyembamba ya UVB, la bei mbaya pamoja na kiakisi chake. Akajenga meza ya mbao nzuri kuliko zote nilizowahi kuona kwenye nyumba ya mtu. Ila alikuwa na mtoto mwingine wa miaka mitatu ambaye mikono yake haitulii. Kwa kumhofia huyo, akakata kioo kisafi, akakiweka kama kifuniko, na lile bomba la UVB akalilaza juu ya kioo. Taa ya joto aliipitishia kwenye tundu pembeni. Kila kitu kikawaka, meza ikang'aa.

Miezi ya kwanza kobe alikula vizuri. Kisha akapunguza. Kisha mwendo ukabadilika: kobe mzima hujiinua kwa miguu minne na tumbo halisugui chini, lakini huyu akawa anajivuta kama mwenye kuogelea, miguu ya nyuma ikibaki nyuma. Baba mtu akadhani ni uvivu wa baridi. Kufika Machi alimleta kituoni ndani ya boksi la viatu, binti akiwa amelishika kwa mikono miwili. Nilimgeuza kobe, nikaweka kidole gumba kwenye gamba karibu na mkia, nikabonyeza taratibu. Lilibonyea. Mtoto wa kobe wa miezi michache gamba lake huwa na ulaini kidogo, hilo ni la kawaida, lakini huyu umri huo alishaupita.

Daktari wa wanyama alimpiga picha ya eksirei na mifupa haikuonekana vizuri, ilififia ikakaribiana na nyama. Akaanza matibabu ya kalsiamu, na sisi tukarudi na yule baba nyumbani kwake kuangalia meza. Nilikwenda na kipimo cha UV, kinachosoma namba zile zile unazozisikia kwenye utabiri wa hewa. Nikakishika pale kobe anapoota joto: sifuri. Nikamwambia ainue kioo. Kipimo kikapanda kupita 4. Akakishusha kioo, sifuri. Akainua tena, na tena, kama anayetaka kifaa kibadili maneno. Halafu akakaa kwenye ngazi, akasema, "Lakini ilikuwa inawaka."

Ndiyo, ilikuwa inawaka. Jicho letu halioni UVB. Kioo na plastiki angavu hupitisha mwanga tunaouona na kuizuia karibu UVB yote. Hata wavu wa chuma unapunguza, wavu mzito ukila theluthi au zaidi. Na bomba lenyewe huchoka UVB kabla ya kuacha kuwaka, kwa hiyo T5 nyingi hubadilishwa baada ya mwaka hivi, za kizamani mapema zaidi. Andika tarehe ya kulifunga kwenye bomba lenyewe.

Kobe yule alipona, ilichukua miezi mingi, na nyuma ya gamba lake pamebaki bapa. Anatembea vizuri. Binti ndiye anayeshika kile kipimo siku hizi na hamruhusu baba yake kukigusa.

4. Pima, usikisie.

Mahali pa kuota, juu ya jiwe bapa, pafike nyuzi 33 hadi 35, na upande wa pili nyuzi 20 hadi 22. Joto la jiwe hupimwa kwa kile kipimajoto cha mfano wa bastola, lakini kiwe cha mafundi. Kile cha kupimia paji la uso, tulichozoea wakati wa korona, kimetengenezwa kwa joto la mwili wa binadamu na kitakudanganya. UV kwenye usawa wa gamba iwe kati ya 3 na 5. Kama huna kipimo, fuata umbali ulioandikwa na mtengenezaji, na upime kuanzia gamba hadi taa, si kuanzia udongo. Bomba lilale juu yake. Taa ikimmulika kutoka ubavuni inamchoma macho, na kobe anayefumba macho kutwa nzima halali, anaumia.

5. Yaliyobaki kwa haraka.

Weka saa ya soketi inayowasha na kuzima yenyewe, taa zote ziwake kwa muda wa saa 12 kila siku. Maji ya vuguvugu kwenye beseni mara kadhaa kwa wiki, yasizidi kidevu chake. Majani ya magugu kila siku, hasa dandelioni, ambayo ni ndugu wa mchunga wetu. Matunda hapana. Masuala ya kumlaza usingizi wa baridi, yaani kulala miezi ya baridi bila kula, yasubiri mpaka daktari amwone, na mnyama mgonjwa asilazwe kamwe.

6. Karatasi.

Hermann huuzwa na cheti cha CITES, mkataba wa kimataifa wa biashara ya wanyama na mimea iliyo hatarini. Muuzaji akikwambia "kitakuja baadaye", ondoka. Horsfield hakihitaji.

Na lile la kuletewa kobe kutoka nyumbani, naomba lisirudiwe. Kila mwaka kuna anayeniuliza kama shangazi anaweza kumtia mmoja kwenye begi. Kobe wa porini Tanzania na Kenya ni wanyamapori wanaolindwa na sheria. Yule bapa anayejibana kwenye nyufa za miamba aliingizwa mwaka 2019 kwenye orodha ya kwanza ya CITES, yenye ulinzi mkali kuliko zote, kwa sababu amechukuliwa mno kupelekwa kwa wafugaji wa nje. Mwambie shangazi alete korosho.