VNAV na kushuka chini ya MDA

Umeuliza kama ukifuata VNAV (mfumo wa ndege unaokokotoa mteremko wa kushuka) unaweza kupita chini ya MDA (kimo cha chini kabisa cha kushuka kabla ya kuona uwanja). Hapana kaka, VNAV kukuchorea mteremko hakukupi ruhusa ya kupita MDA kabla hujaiona barabara ya kutua. Mstari ule unachorwa na kompyuta ya ndege kwa kipimo cha shinikizo la hewa. ILS, mfumo wa redio wa kuongoza kutua, ni tofauti: ni mawimbi yanayotoka uwanjani. Kwenye VNAV, ukikosea QNH (shinikizo la hewa unaloweka kwenye altimita, yaani kipima-kimo) kwa hektopaskali 10, umepotoka karibu futi 300 na sindano ya mteremko bado imetulia katikati! Vizuizi unavikwepa kwa vima vya chati, si kwa mstari huo. Kama chati ina kima cha LNAV/VNAV (ndege inajiongoza kwa upande na kwa mteremko) chenye DA (kimo cha kuamua kutua au kupaa tena), na ndege yako imeidhinishwa, hapo sawa kuufuata mteremko hadi DA. Joto letu la Tanga linafanya mteremko halisi uwe mkali kidogo. Baridi kali ndiyo hatari: inakuweka chini kuliko altimita inavyosema.