Viatu na maji ya kubeba Orlando mwezi wa saba: jibu refu kwa dada wa Texas

Kwa ambao hawakuliona swali: dada anaishi Texas, mama yake anakuja kumtembelea kutoka Tanga, na mwezi wa saba wanakwenda Orlando, Florida, na watoto wawili. Siku mbili Disney, siku mbili Universal, zile bustani kubwa za burudani. Anauliza wavae raba au sandali, na kila mtu abebe maji kiasi gani. Majibu mengi yamekuwa "raba nzuri na maji mengi". Si uongo, lakini huwezi kuingia dukani na jibu kama hilo.

Orlando mwezi wa saba mchana hufika nyuzi 33 hivi. Mtu wa Tanga atasema hilo si joto la kumtisha, ndilo lake la mwezi wa pili. Sawa, ila Tanga saa nane mchana watu wamekaa kivulini. Kule saa nane uko juu ya zege, na hadi usiku si ajabu kufikisha kilomita 12 hadi 16. Halafu kuna fukuto: jasho linatiririka badala ya kukauka, na alasiri nyingi za kiangazi hushuka mvua kubwa ya radi. Kwa hiyo umbali peke yake si tatizo, tatizo ni kulowa. Ngozi iliyolowa hulainika na kung'ang'ania soksi. Mfupa ukisogea ndani huku ngozi imeshikwa nje, tabaka za ngozi huachana na majimaji huingia katikati. Hilo ndilo lengelenge. Ndiyo maana mimi nachagua kiatu kinachokauka upesi, sichagui kinachozuia maji.

Viatu vinavyouzwa kwa sifa ya kutopitisha maji viacheni dukani. Mvua ya Florida huingia kwa juu, penye kifundo cha mguu, na ikishaingia kwenye kiatu cha aina hiyo haina pa kutokea. Hata pasiponyesha, jasho lenyewe litakuwa limekwama humo kutwa nzima. Chukueni raba za kukimbilia au kutembelea zenye kitambaa cha matundu, zile ambazo ukiziinua kuelekea taa unaona mwanga unapenya. Ngozi na suede (ngozi iliyosuguliwa ikawa na vinyweleo laini) hazifai.

Saizi ndiyo inayowakosesha wengi. Nendeni dukani jioni, miguu ikiwa imeshavimba kidogo, na mvae soksi zilezile za safari. Simama wima, si kukaa: mbele ya kidole kirefu ibaki nafasi ya upana wa dole gumba la mkono. Halafu toa soli ya ndani, iweke sakafuni, uikanyage. Mguu ukimwagika nje ya kingo zake, kiatu hicho ni chembamba hata kama urefu umekaa sawa. Watu waliokulia kwenye ndala mara nyingi wana mguu mpana mbele, na dawa yake si kuongeza namba, kwa sababu kisigino kitaanza kupwaya na kuchubuka. Dawa ni kuomba upana. Marekani upana huandikwa kwa herufi: kwa wanaume D ni wa kawaida, 2E mpana, 4E mpana zaidi, kwa wanawake B ni wa kawaida, D mpana, 2E mpana zaidi. Kampuni ya New Balance hutengeneza raba nyingi za namna hiyo. Mama akifika na namba yake ya Ulaya kichwani, apimwe upya, asikisie.

Kuna kosa moja la kwetu: kuja na raba za mtumba au zilizokaa kabatini miaka mingi "kwa ajili ya safari". Soli nyingi za povu la poliyurethani huozeshwa taratibu na unyevu wa hewa hata zisipovaliwa. Kwa macho kiatu ni kizima, lakini ukishatembea saa mbili soli inamegeka vipande au inabanduka yote. Kikunje kwa nguvu na ubonyeze soli kwa ukucha. Ukiona nyufa ndogondogo au unga, kiacheni nyumbani. Na vipya visivaliwe kwa mara ya kwanza siku ya safari. Vivaeni wiki mbili tatu kabla, na angalau siku moja mtembee navyo kilomita nane bila kuvivua. Kama kuna mahali panabana, mtapajua mapema mkiwa bado karibu na duka.

Soksi za pamba ni starehe ya saa moja tu. Pamba hunywa jasho na kubaki nalo. Chukueni za nailoni au poliesta, au za sufu nyembamba ya merino, ambayo licha ya jina haichomi wala haiwashi. Kila mtu abebe jozi ya akiba kwenye mfuko wa plastiki unaofungwa kwa zipu. Saa saba au saa nane, mkikaa kula, vueni viatu, acheni miguu ipate hewa dakika kumi, kisha vaeni zile kavu. Ni jambo dogo, lakini mimi naliweka mbele kuliko hata bei ya kiatu. Poda sishauri, hugeuka donge ikilowa. Afadhali mafuta ya mgando kiasi kidogo kisiginoni na kati ya vidole, na mengine mapajani kwa yeyote ambaye mapaja yake hugusana, yakirudiwa kila baada ya saa tatu au nne.

Kisigino kikipwaya, kiatu kina tundu la mwisho la juu ambalo watu wengi hawalitumii. Pitisha kamba kwenye tundu hilo upande uleule mpaka ifanye kitanzi kidogo, fanya hivyo pande zote mbili, kisha vusha kila ncha iingie kwenye kitanzi cha upande wa pili. Vuta kwenda chini, ndipo ufunge. Kisigino kinakaa bila kuvibana vidole.

Sandali nazo? Zenye mkanda wa nyuma na soli nene, kama Teva au Chaco, zinafaa kabisa, mradi ziwe zimezoewa na mguu, maana mkanda uliolowa hukwaruza kuliko soksi yoyote. Hasara yake ni vidole kuwa wazi, na kule vigari vya watoto vinasukumwa nyuma yako kwenye kila foleni. Juu ya mguu pakeni mafuta ya kuzuia jua, huwa panasahauliwa. Ndala, hapana. Vidole hukazana kutwa nzima kuishika isichomoke, na jioni maumivu utayasikia kwenye misuli ya miguu na nyayo. Yeboyebo kwa watoto sina ugomvi nazo kwa muda mfupi, mkanda ukiwa umeshushwa nyuma.

Ningefanya hivi: kila mtu raba mguuni, na sandali nyepesi yenye mkanda begini kwa ajili ya michezo ya maji. Kali River Rapids pale Animal Kingdom na Tiana's Bayou Adventure pale Magic Kingdom (bustani za Disney), Popeye na Dudley Do-Right pale Islands of Adventure (ya Universal): zote zinalowesha. Watu hununua koti la mvua la plastiki wakijiona wamejikinga, lakini kwenye yale maboya ya duara maji huingia sakafuni, na miguu ndiyo iko sakafuni. Kabla ya kupanga foleni vueni raba na soksi, zifungeni kwenye mfuko, aachiwe asiyepanda au ziwekwe kabatini. Mkitoka, futeni miguu kwa kanga, hasa kati ya vidole, ndipo mrudishe raba. Universal makabati ya karibu na michezo ya maji hulipiwa. Makabati madogo ya VelociCoaster na Hulk, treni za kasi za kupanda na kushuka za hapo Universal, ni bure, na ni lazima, kwa sababu kuna kifaa cha kukagua chuma na hakuna kitu kinachoruhusiwa mfukoni, wala chupa mkononi.

Sasa maji. Hapa watu hukosea kwa kubeba mengi mno. Lita moja ni kilo moja. Chupa ya chuma ya lita moja yenyewe huongeza karibu nusu kilo. Mtu anayetembea na lita tatu mgongoni anatoa jasho la ziada kwa ajili ya kuyabeba. Na hakuna haja. Disney, mabanda ya chakula cha haraka yanayouza soda za mashine hutoa kikombe cha maji ya barafu bure. Omba tu, huna haja ya kununua kitu. Universal ni hivyo hivyo. Kwa hiyo kila mtu mzima abebe chupa ya mililita 500 hadi 750, mtoto ya 350, na mjaze kila mnapopita penye maji bila kusubiri ziishe. Chupa iwe na mdomo mpana wa kuingiza barafu, na ikae kwenye mkanda wa kuvuka bega ili mikono iwe huru. Mfuko wa maji wenye mrija ni kifaa cha mlimani. Mrija hausafishiki vizuri na kila ukaguzi mlangoni utafunguliwa.

Maji ya bomba ya kule ni salama ila yana ladha nzito kidogo, wengine hunusa kiberiti, kwa kuwa yanatoka chini ya ardhi. Kipande cha limau kwenye chupa kinatosha. Mkisafiri kwa ndege, piteni ukaguzini na chupa tupu, mkajaze upande wa pili.

Sheria za mlangoni zikaguliwe kwenye tovuti zao siku chache kabla, lakini kwa kawaida ni hivi. Disney inaruhusu chakula chenu na begi au boksi la baridi lisilozidi sentimita 61 kwa 38 kwa 46, ila si chupa za kioo, wala barafu iliyomwagwa ovyo ndani ya boksi, wala barafu kavu. Universal ni wagumu zaidi: maji ya chupa yasizidi lita mbili, na kifuko cha baridi kiwe laini na kidogo, kama sentimita 21 kwa 15 kwa 15. Mkipanga nyumba yenye friza, lazeni chupa ya plastiki ya kawaida ikiwa na maji theluthi moja, asubuhi mjazie maji. Isijazwe pomoni kabla ya kugandishwa, maji yakiganda huvimba kwa takriban asilimia tisa na chupa hupasuka. Chupa ya chuma yenye kuta mbili isiingie friza kabisa.

Kunywa kuwe kidogokidogo. Kipimo kinachotolewa kwa wafanyakazi wa juani Marekani ni kikombe cha mililita 240 kila dakika 15 hadi 20, na kisizidi karibu lita moja na nusu kwa saa. Ninyi hamchimbi mtaro, foleni nyingi zina kivuli na feni, kwa hiyo hicho kichukuliwe kama kiwango cha kutembea juani. Kuzidisha maji matupu nako kuna hatari, kunashusha chumvi mwilini. Kichwa kikiuma na tumbo kuchafuka kwa mtu aliyekunywa lita nyingi na mkojo wake ni mweupe kama maji, msimwongezee maji, mpelekeni huduma ya kwanza. Kuleni chakula chenye chumvi mchana. Pakiti mbili tatu za ORS (unga wa chumvi na sukari wa kurudisha maji mwilini) begini hazina uzito, na changanyeni kwa kipimo kilichoandikwa juu ya pakiti.

Mama nina neno lake. Kama anatumia dawa za presha, hasa zile za kupunguza maji mwilini, amuulize daktari wake kabla ya safari kuhusu maji na chumvi, na hapo ORS asipewe kiholela. Kama ana kisukari, miguu yake ikaguliwe kila jioni na mtu mwingine kwa macho, nyayo na kati ya vidole, kwa sababu anaweza kuwa na kidonda asikisikie. Asitembee pekupeku hata kando ya bwawa la hoteli. Animal Kingdom mpelekeni asubuhi mapema, maana miti ni minene na upepo haupiti. Hatakubali kuondoka bila kuona kijiji cha Harambe, kilichojengwa kwa sura ya miji ya pwani yetu, Kiswahili ukutani na yote, kwa hiyo anzieni huko.

Mtoto akilala kwenye kigari, msifunike kigari kizima kwa kanga. Hewa inakwama ndani na joto linapanda haraka. Kanga iyo hiyo ikifungwa barafu na kuwekwa shingoni inafanya kazi nzuri zaidi kuliko kuilowesha tu, kwa kuwa penye fukuto kitambaa kilicholowa hakikauki vya kutosha kupoza. Mtu yeyote akianza kuchanganyikiwa, kuropoka au kuyumba, huo si uchovu. Piga 911 au mwite mfanyakazi wa karibu, mpelekeni kwenye baridi na mmwagieni maji.

Sehemu ya mguu ikianza kuunguza, simameni hapo hapo, si baada ya mchezo mmoja zaidi. Kausha ngozi, kata plasta ya kitambaa yenye gundi ya zinki, zungusha kona zake kwa mkasi ili zisibanduke, ibandike bila mikunjo ipite eneo lenye wekundu kwa sentimita mbili kila upande. Lengelenge likishatokea msilitoboe njiani. Kila bustani ina kituo cha huduma ya kwanza, na plasta za kawaida hutolewa bure.

Usiku hotelini toeni soli za ndani, legezeni kamba, jazeni viatu karatasi, mzibadilishe baada ya saa moja, kisha viwekeni mbele ya kiyoyozi, hewa yake ni kavu. Mashine ya kukaushia nguo na ya kukaushia nywele vikae mbali. Joto lake hulegeza gundi na kusinyaza povu la soli, na kiatu kilichokuwa sawa jana kitabana kesho. Kama bajeti inaruhusu jozi mbili kwa kila mtu mzima, zipishaneni siku baada ya siku.