Kwa uliyeuliza kutoka Masasi: kazi ya masoko ya mitandaoni inaanzia kwenye ujumbe wa mteja

Ndugu yangu, salamu kutoka Mtwara mjini. Umeeleza kwamba umemaliza stashahada, umerudi nyumbani Masasi, na unataka kuifanya kazi ya kutangaza biashara za watu kwenye mitandao ya kijamii. Umeuliza kama ni lazima uhamie Dar es Salaam, kama ulipe shilingi 350,000 za kozi uliyotangaziwa, na kama simu uliyonayo inatosha. Umetaja pia, kwa kupita tu, kwamba shangazi yako anashona na kuuza magauni ya vitenge hapo Masasi. Kazi hii nimeifanya kwa miaka sita nikiwa hapa hapa Chikongola, kwa hiyo nitakujibu kwa yale niliyoyapitia, na nitaanza na jambo ambalo hukuliuliza, kwa sababu ndilo lililonichelewesha mimi.

Nilianza kama wanavyoanza wengi. Nilijifunza kutengeneza mabango kwenye simu kwa programu ya Canva, nikawa napita madukani kuwaonesha watu, na hatimaye nyumba moja ya wageni ya Lindi ikanikubali. Kila siku niliweka bango: Ijumaa karimu, heri ya sikukuu, karibu ujionee vyumba vyetu. Baada ya miezi minane ukurasa ulikuwa na wafuasi 2,300, na mwenye nyumba akaniuliza swali la haki kabisa: ni wageni wangapi wamelala hapa kwa ajili ya ukurasa huo? Sikuwa na jibu. Ujumbe wa wateja ulikuwa ukiingia kwenye simu ya mhudumu wa mapokezi, naye aliujibu alipopata nafasi, na mimi katika miezi yote hiyo sikuwahi kuusoma hata mmoja. Nilikuwa natangaza kitu kwa watu ambao sikujua wanauliza nini. Kazi ile ikaisha, na ilistahili kuisha.

Aliyenifundisha kazi ni mama mmoja wa Chuno anayebangua na kuuza korosho. Alikuwa na wateja Dar es Salaam na Dodoma waliomfikia kwa WhatsApp, na tatizo lake halikuwa kukosa wafuasi. Tatizo lake lilikuwa kwamba ujumbe ulimzidi nguvu, akawa anajibu usiku wa manane au hajibu kabisa. Aliniomba nimsaidie kujibu, kwa shilingi 50,000 kwa mwezi na korosho za kula nyumbani. Nikaona kama nimeshuka cheo, lakini nikakubali kwa sababu sikuwa na kazi nyingine. Nilinunua daftari la kurasa 96, na kila swali la mteja nililiandika kama lilivyoulizwa, bila kulipamba, nikiweka alama pembeni kila lilipojirudia.

Mwezi mmoja ulipopita daftari lilikuwa limenifundisha yale ambayo mabango hayakunifundisha. Swali lililoongoza halikuwa bei. Watu waliuliza, kwa maneno mbalimbali, kama korosho watakazoletewa ni nzima ama ni vipande, kwa sababu wengi walikwisha kutumiwa picha ya korosho nzima wakapokea vipande. Swali la pili lilikuwa mzigo unafikaje na nani anabeba hasara ukipotea. Bei ilikuja ya tatu. Unaona kwamba hayo mawili ya kwanza si maswali ya bidhaa, ni hofu ya kutapeliwa, na hofu hiyo huiondoi kwa bango lenye rangi nzuri.

Kwa hiyo tulifanya kitu kimoja. Asubuhi, kabla jua halijawa kali likaanza kuzifanya korosho zionekane nyeupe kupita kiasi kwenye kamera, mama alikaa barazani na ungo mapajani, akamimina korosho za siku ile, akaanza kuchambua kwa vidole huku akizungumza kama anavyozungumza na mteja aliyesimama mbele yake: hizi nzima, hizi nusu, hizi vipande, hii imeungua naitoa, na bei zake si moja. Akavipima vipande kwenye mizani, namba ikaonekana, akataja bei ya kila kundi. Video ilikuwa ya sekunde 40, haina muziki wala maandishi ya kuruka, na jogoo wa jirani aliwika katikati yake. Nilitaka kuirudia, mama akakataa. Wiki ile ziliingia oda 17, wakati kwa kawaida zilikuwa tano au sita, na wateja wengi waliandika moja kwa moja, "Nataka zile za kundi la kwanza, kilo mbili." Hawakuuliza tena kama ni nzima, kwa sababu walikwisha kuona.

Tangu hapo kila tulichoweka kilitoka kwenye daftari. Mteja mmoja alipouliza W320 maana yake nini, tulieleza kwamba korosho nzima nyeupe hupangwa kwa namba, na namba hiyo inaonesha takriban idadi ya korosho zinazotimiza ratili moja (karibu nusu kilo), hivyo kadiri namba inavyokuwa ndogo ndivyo korosho zinavyokuwa kubwa. Kuhusu usafirishaji, tulikuwa tunapiga picha ya risiti ya mzigo wa basi, jina na namba ya mteja zikiwa zimefunikwa. Hilo la kufunika lizingatie tangu siku ya kwanza. Tanzania ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Mei 2023, na hata isingekuwepo, mteja aliyekuandikia faraghani hakukupa ruhusa ya kuyaanika mazungumzo yake ili upate sifa. Mwombe kwanza, wengi hukubali.

Nalisema hili kwa msisitizo kwa sababu vijana wengi wanaoniomba ushauri wanaikwepa kazi ya kujibu ujumbe, wakiiona ni ya mhudumu, na wanaitaka ile ya kubuni. Mimi naamini kwamba asiyejibu wateja hana cha kubuni. WhatsApp Business ni ya bure, ina orodha ya bidhaa unayoweza kuweka picha na bei, ina majibu ya haraka kwa maswali yanayojirudia, na ina lebo za kutenganisha aliyeuliza, aliyelipa na aliyekwisha kupokea mzigo. Ukiweza kuzipanga lebo hizo vizuri kwa mwezi mmoja, utaweza kumwambia mwenye biashara ni wangapi waliuliza, wangapi walinunua, na wale wengine waliishia wapi. Na hapo hapo utaacha kuandika "bei njoo inboksi", desturi ambayo sijawahi kuona ikimsaidia muuzaji mdogo, maana inamlazimisha mnunuzi kuomba kitu ambacho dukani angekisoma ukutani.

Matangazo ya kulipia yatakuja baadaye, na yana mahali pake. Mara ya kwanza nililipia tangazo la mgahawa wa samaki na pweza wa Shangani kwa shilingi 30,000, nikaliacha liende nchi nzima. Lilipendwa na watu zaidi ya 900, wengi wao wa mikoa ya mbali, na hakuna hata mmoja niliyeweza kuthibitisha kwamba alikuja kula. Mara ya pili niliweka shilingi 10,000, nikachora duara la kilomita chache kuzunguka mji, nikachagua lengo la kupata ujumbe badala ya kupendwa, na nikaandika tu kwamba leo kuna pweza, bei ni hii, jiko linafungwa saa nne usiku. Waliandika watu 14, wakaja watano, na wawili kati yao ni wateja hadi leo. Malipo unaweza kuyafanya kwa kadi ya mtandaoni unayoitengeneza kwenye huduma za fedha za simu, lakini usitumie kadi yako kwa tangazo la mteja kabla hajakupa fedha mkononi.

Kuhusu kuhamia Dar es Salaam, jibu langu ni hapana, angalau si sasa. Huko utashindana na watu wenye studio, ilhali hapa una kitu ambacho wao hawana, yaani unaijua kalenda ya watu wako. Mzunguko wa fedha wa Mtwara na Lindi unafuata korosho. Minada inapoanza Oktoba na malipo kuanza kuingia kwenye akaunti za wakulima, ndipo watu wanaponunua bati, pikipiki, magodoro na nguo za sherehe. Miezi ya kupulizia salfa, dawa ya mikorosho, katikati ya mwaka, mfuko ni mwepesi na mtu ananunua kile tu ambacho shamba linadai. Nimewahi kumzuia mwenye duka la vifaa vya ujenzi asitumie fedha zake zote za matangazo mwezi Julai, tukazihifadhi hadi Novemba, na akauza bati zilizokuwa zimelala stoo tangu mwaka uliotangulia. Hakuna kozi iliyonifundisha hilo. Nililijua kwa sababu nimekulia kwenye nyumba ya mkulima.

Tukija kwenye kozi yenyewe, shilingi 350,000 usizilipe. Meta, wenye Facebook, Instagram na WhatsApp, wana mafunzo yao ya bure yanayoitwa Blueprint, HubSpot Academy wanatoa kozi za bure zenye vyeti, na Google nao wana yao. Nyingi ni za Kiingereza, lakini kwa mtu mwenye stashahada hazitakushinda. Cheti kitakufaa utakapoomba kazi ya kuajiriwa kwenye shirika au hoteli kubwa. Mwenye duka wa Masasi hatakuuliza cheti, atakuuliza umemuuzia nani na kiasi gani. Fedha hizo nunulia bando, mkono wa kushikia simu na maikrofoni ndogo ya kubana kwenye nguo, maana sauti mbaya hufukuza watu haraka kuliko picha mbaya. Simu yako, kama inapiga picha inayosomeka mchana, inatosha.

Kuna maumivu mawili ambayo ningependa usiyapitie. La kwanza ni la umiliki. Biashara moja niliifungulia akaunti kwa namba yangu na barua pepe yangu, kwa kuwa mwenyewe alisema hana muda. Tulipotofautiana kuhusu malipo ya miezi miwili, yeye aliamini nimemshikia ukurasa, mimi niliamini amenidhulumu, na sote tukatoka na chuki ambayo karatasi moja ingeizuia. Akaunti ifunguliwe kwa namba ya mwenye mali, wewe upewe ruhusa ya kuisimamia, na mwandikiane hata ukurasa mmoja wa daftari: kazi gani, kwa mwezi shilingi ngapi, inalipwa tarehe gani, na mkiachana unakabidhi nini. Ukipata mteja mkubwa kidogo ataomba ankara na TIN, yaani namba ya mlipakodi, kwa hiyo ichukue mapema TRA, haitozwi fedha.

La pili ni kutegemea mtandao kana kwamba hautakatika. Mwanzoni mwa Mei 2024, kimbunga Hidaya kilipopita, mafuriko yaliikata barabara ya kwenda Dar es Salaam pale Somanga, Kilwa, na mizigo ya wateja wetu ikakwama. Wiki iliyofuata, tarehe 12 Mei, nyaya za intaneti za baharini zilipata hitilafu, na nchi nzima ikawa haifunguki kitu kwa urahisi. Wateja walikwisha kulipa, mzigo haujafika, na WhatsApp haipeleki ujumbe. Kilichotuokoa ni kwamba namba zao zote zilikuwa kwenye daftari. Tulikaa mimi na yule mama wa korosho, tukampigia kila mmoja kwa simu ya kawaida, tukamweleza hali ilivyo na kumpa nafasi ya kurudishiwa fedha. Watu wawili walichukua fedha zao. Waliobaki 11 walisubiri, na kati yao kuna mmoja wa Dodoma ambaye tangu siku ile ananunua kwa ajili ya ofisi nzima. Kwa hiyo namba za wateja ziandike nje ya simu, kila jioni, hata ukiwa umechoka.

Sasa rudi kwa shangazi yako. Usimwambie kwamba unataka kumfungulia ukurasa, kwa sababu atafikiria gharama na atakuambia subiri. Mwombe ukae naye kibandani siku sita, kuanzia Jumatatu, umsaidie kujibu simu na ujumbe huku yeye akishona. Andika kila swali: kama kitambaa kinachuja, kama gauni likibana atalipanua bure, kama anaweza kushona kwa vipimo vilivyotumwa kwa simu na mtu aliyeko Newala, na ni siku ngapi mtu anasubiri. Jumamosi jioni hesabu ni swali gani limejirudia zaidi, kisha Jumapili asubuhi mpige video akilijibu kwa mdomo wake, gauni likiwa mkononi na futi ikiwa shingoni. Ukiishaiweka, niandikie hapa swali lililoongoza lilikuwa lipi na walioandika baada ya video walikuwa wangapi, nami nitakuambia ningeweka nini wiki ya pili.