Siku Tisa Ambazo Dereva Hajawahi Kuziona: Ushauri kwa Wapangaji wa Shehena Kampala

Kwa miaka kumi na mmoja nimefanya kazi ya kupanga akiba ya ghala na safari za malori katika kampuni inayouza vipuri vya pikipiki hapa Kampala, na mara kwa mara wenzangu wa kazi hii, hasa vijana waliomaliza chuo karibuni, huniuliza wanunue programu gani ya kompyuta ili waache kuishiwa bidhaa. Jibu langu halijabadilika, na nimeona afadhali niliandike kwa ukamilifu: kabla hujanunua chochote, pima siku ambazo mzigo wako hukaa njiani, safari moja baada ya nyingine, wala usiridhike na wastani wake. Njia za kukokotoa zipo, ni nzuri, nyingine zina umri wa zaidi ya miaka mia moja, na karibu zote zinafanyika ndani ya Excel. Kinachotuangusha ni tarakimu tunazozitia humo.

Nianze na kiasi cha kuagiza, kwa sababu ndicho watu hukihangaikia zaidi ya kinavyostahili. Mwaka 1913 Mmarekani Ford W. Harris alichapisha kanuni inayotumika hadi leo: zidisha mahitaji ya mwaka kwa gharama ya kuagiza mara moja, zidisha tena kwa mbili, gawanya kwa gharama ya kutunza katoni moja kwa mwaka, kisha tafuta kipeuo cha pili. Chukua cheni na breki za pikipiki, bidhaa inayotulisha kuliko zote, kwa hesabu ambazo nimezisawazisha kidogo ili zifuatike kwa urahisi. Tunauza katoni 12,000 kwa mwaka. Kila agizo linatugharimu shilingi 1,200,000 ukijumlisha wakala wa forodha, upakiaji, ushushaji na ufuatiliaji. Katoni moja ina thamani ya shilingi 100,000, na kuitunza mwaka mzima ni shilingi 20,000, sehemu kubwa ikiwa riba ya mkopo wa benki. Kanuni inatoa katoni 1,200 kwa kila agizo, yaani maagizo kumi kwa mwaka, na gharama ya kuagiza na kutunza kwa pamoja inakuwa shilingi milioni 24.

Sasa tazama jambo ambalo vitabu hulipita haraka. Lori letu hubeba katoni 1,500. Nikilijaza, gharama hizo zinapanda hadi milioni 24.6 tu. Hata nikiagiza 1,800, ambayo ni kosa la nusu nzima juu ya jibu sahihi, ongezeko ni kama asilimia 8. Kanuni hii inasamehe sana. Kwa hiyo jaza lori, punguza nauli kwa kila katoni, na usikeshe ukitafuta kiasi kamili. Hasara kubwa hutokana na kuchelewa kuagiza, na hapo hakuna msamaha.

Nilijifunza hilo kwa uchungu Januari 2022. Wasomaji wa Uganda wanaukumbuka mwezi huo: madereva waligomea masharti ya kipimo cha korona mpakani, foleni za malori zikarefuka upande wa Kenya huko Malaba na Busia, na petroli ikaadimika na kupanda bei nchi nzima. Lori letu lilikuwa ndani ya foleni hiyo, nami nilikuwa nimeagiza kwa kudhani kwamba kutoka siku ya agizo hadi mzigo kushushwa ghalani kwetu Namanve ni siku tisa, kama nilivyokuwa nikidhani kwa miaka. Rafu zikabaki tupu, wateja wetu wa rejareja wakaenda kwingine, na baadhi yao hawajarudi mpaka leo.

Ningeweza kulaumu mgomo peke yake. Ila lori lilipofika hatimaye, nilikaa na dereva, mzee aliyeendesha njia ya Mombasa tangu nikiwa shuleni, nikamweleza kuhusu zile siku tisa za mpango wangu. Akanitazama kwa huruma. "Mwanangu," aliniambia, "hizo siku tisa zako mimi sijawahi kuziona. Mambo yakiwa sawa nafika siku ya saba. Yakiharibika, usiniulize."

Jioni hiyo nilichukua daftari la mlinzi wa geti, ambamo kila lori huandikwa saa ya kuingia na kutoka, nikalilinganisha na tarehe za maagizo. Safari kumi za mwisho kabla ya mgomo zilikuwa zimechukua siku 6, 7, 7, 7, 8, 8, 9, 10, 13 na 15. Wastani ni 9 kweli. Lakini ni lori moja tu kati ya kumi lililofika siku ya tisa. Sita zilifika mapema na mzigo ukakaa ghalani ukilipiwa riba, na mbili zilichelewa kiasi cha kumaliza akiba yote.

Hapa ndipo hesabu ya akiba ya tahadhari, yaani bidhaa za ziada zinazowekwa kwa ajili ya siku mbaya, inapomfaa mtu, nami naomba msomaji aifuate polepole. Tunauza katoni 40 kwa siku, na mauzo hayo yana mkengeuko wastani, yaani kipimo cha jinsi yanavyotawanyika kuzunguka wastani wake, wa katoni 12. Siku za njiani ni 9, na mkengeuko wake ni karibu siku 3. Sehemu ya kwanza inatokana na wateja: siku 9 mara mraba wa 12, ambayo ni 1,296. Sehemu ya pili inatokana na barabara: mraba wa 40 mara mraba wa 3, ambayo ni 14,400. Jumlisha, tafuta kipeuo cha pili, unapata kama 125. Ukitaka mzunguko wa agizo upite bila kuishiwa mara 95 kati ya 100, zidisha kwa 1.65, kizidisho cha kitakwimu cha kiwango hicho, na akiba ya tahadhari inakuwa katoni 207. Ongeza 360 zitakazouzwa katika siku tisa za kusubiri, na unajua kwamba akiba ikishuka hadi katoni 567 lazima agizo litoke siku hiyo hiyo.

Tazama tena zile tarakimu mbili, 1,296 na 14,400. Kwa miaka mingi mikutano yetu ya mauzo ilitumia muda wote kubashiri wateja watanunua nini mwezi ujao, ilhali zaidi ya sehemu tisa kati ya kumi za wasiwasi wetu zilikuwa zimelala barabarani kati ya Mombasa na Namanve. Nawasihi wenzangu wanaopitisha mizigo yao kwenye ushoroba huu wa kilomita zinazokaribia 1,200: tenganisheni sehemu hizo mbili kabla ya kulipa mtaalamu wa kubashiri mauzo.

Kuna tahadhari moja. Kile kizidisho cha 1.65 kinadhani kwamba siku zimetawanyika sawasawa pande zote mbili za wastani, na barabara yetu haiko hivyo: lori haliwezi kufika siku ya pili, ila linaweza kufika siku ya ishirini. Lori la siku 15 linahitaji katoni 600, na 567 hazitoshi. Kwa bidhaa chache zinazoleta sehemu kubwa ya mapato, mimi huweka kiwango kwa kuangalia orodha halisi ya safari na kuchukua ile mbaya kuliko zote katika mwaka wa kawaida. Kwa vipuri vidogo vidogo vinavyotoka mara moja moja, kanuni inatosha, na pengine hata kanuni haihitajiki.

Baada ya hesabu niliuliza siku zinapotelea wapi. Nikaigawa safari vipande: maandalizi ya hati, upakiaji, mwendo, mpaka, ushushaji. Mwendo wenyewe haukutofautiana sana. Malori yale mawili, la siku 13 na la siku 15, yote yalipakiwa Ijumaa huku hati zikiwa hazijakamilika, kwa matumaini kwamba zingekamilika lori likiwa njiani. Tangu Eneo Moja la Forodha la Jumuiya ya Afrika Mashariki lianze kutumika mwaka 2014, maelezo ya mzigo huwasilishwa na ushuru hulipwa mapema, kabla mzigo haujaondoka bandarini, kwa hiyo lori lenye hati pungufu halipati faida yoyote kwa kuwahi. Linasubiri tu, na kila siku ya kusubiri inalipiwa. Tukaweka sharti kwamba hakuna kupakia kabla wakala hajathibitisha kwa maandishi kuwa hati zimekamilika. Katika mwaka uliofuata wastani ulishuka hadi siku 8, na mkengeuko ukawa siku moja na nusu. Rudia hesabu: akiba ya tahadhari inashuka kutoka katoni 207 hadi 114. Hizo ni katoni 93, shilingi milioni 9.3 zilizotoka rafuni zikarudi kwenye biashara, bila kununua programu yoyote.

Usambazaji wa ndani una njia zake. Lori lenye wateja kumi linaweza kuwapitia kwa mpangilio 3,628,800 tofauti, na hakuna msimamizi anayeweza kuipima yote kichwani asubuhi huku madereva wakisubiri funguo. Njia ninayoifundisha ni ile ya Clarke na Wright ya mwaka 1964, inayouliza swali moja kwa kila jozi ya wateja: nikiwaunganisha katika safari moja, naokoa kilomita ngapi? Jumlisha umbali wa kutoka ghalani hadi kwa kila mmoja wao, toa umbali kati yao. Kutoka Kampala, Jinja iko kama kilomita 80 na Iganga 120, na kati yao ni 40, hivyo kuwaunganisha kunaokoa kilomita 160. Jinja na Masaka ni kinyume chake: 80 na 130, toa 210 za kurudi kupitia Kampala, unabaki na sifuri. Panga jozi zote kuanzia inayookoa kilomita nyingi zaidi, unganisha mpaka lori lijae au siku iishe. Jibu halitakuwa bora kuliko yote yanayowezekana, lakini litakuwa zuri, na dereva ataelewa sababu yake, jambo ambalo mimi nalithamini sana.

Ila hesabu hiyo nimeacha kuifanya kwa kilomita. Naifanya kwa saa. Kilomita za Barabara ya Jinja kati ya Banda na Kireka saa kumi na moja jioni hazilingani na kilomita za baada ya Mabira, na mteja wa Kikuubo asiposhushiwa mapema, lori hukwama katikati ya watu na mikokoteni. Jedwali la saa nalo lazima lifanyiwe marekebisho bila kuchoka. Mei 2023 daraja la Katonga lilipoharibiwa na mafuriko, magari ya Masaka yakapitishwa Mpigi, Gomba na Sembabule, na kila ratiba ya magharibi iliyotegemea jedwali la zamani ikawa haina maana siku hiyo hiyo. Waliokuwa na jedwali moja safi walibadilisha tarakimu chache wakapata mpango mpya kabla ya chakula cha mchana. Waliokuwa na ratiba zilizonakiliwa kila mwezi bila kujua zilitoka wapi walisumbuka kwa wiki kadhaa. Daraja la Karuma, kwenye njia ya kaskazini, lilipofungwa kwa matengenezo Septemba 2024, sisi tulikuwa tumejiandaa.

Kwa mwenye maghala mawili au zaidi, ipo ile hesabu ya kugawa mizigo, yaani ghala lipi limhudumie mteja yupi kwa gharama ndogo zaidi, ambayo mwanahisabati Kantorovich aliianza mwaka 1939 na mwenzake Dantzig akaipatia njia ya utatuzi mwaka 1947. Solver, zana iliyomo ndani ya Excel, huitatua kwa sekunde. Usiishie kwenye jibu lake, soma na ripoti inayoonyesha nafasi moja zaidi katika kila ghala ingekuokolea shilingi ngapi. Tulipotaka kupanua ghala la Mbale, ripoti ilionyesha kuwa nafasi ya ziada pale ina thamani ndogo kuliko kodi yake, tukaacha.

Kuhusu kuchagua msafirishaji, toeni alama zenye uzito: bei, uthabiti wa siku, hali ya mzigo unapofika, uaminifu wa hati. Uzito upangwe kabla ya kufungua bahasha za bei, maana ukipangwa baadaye hufuata bei. Kisha badilisha uzito kidogo uone kama mshindi anabadilika. Akibadilika, bado hujapata jibu, na safari tatu za majaribio zitakusaidia kuliko kikao kingine.

Daftari la getini bado lipo, ingawa sasa kila jioni linaingizwa kwenye kompyuta. Lina safu za tarehe ya agizo, hati kukamilika, kupakiwa, kuvuka Malaba, kufika, na kushushwa. Safu ya saba ilipendekezwa na mlinzi mwenyewe, ambaye ndiye huzungumza na dereva kwanza, na huijaza kwa maneno mawili matatu kwa mkono wake: sababu.